Kifuniko cha tenki kilichokwama: usiulazimishe ufunguo, upunguzie ulimi mzigo

Swali: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya zamani niliyoachiwa na mjomba. Ilikaa kama miaka miwili bila kuwashwa. Nimeweka betri mpya na plagi mpya, lakini kifuniko cha tenki hakifunguki. Ufunguo unaingia wote, unageuka kama robo ya njia, halafu unakwama. Nimepuliza mafuta ya kulegeza kutu, sioni tofauti. Jirani mmoja ananiambia nigongee bisibisi kwenye tundu la ufunguo nizungushe kwa nguvu, mwingine anasema nitoboe kwa drili. Ufunguo ninao mmoja tu. Nifanyeje?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kugonga. Una ufunguo mmoja, na kufuli lako bado ni zima. Vilinde hivyo viwili na kifuniko kitafunguka. Bisibisi ya jirani yako ingeviharibu vyote kwa pigo moja.

Katika maelezo yako kuna jambo moja lililonipa moyo: ufunguo unageuka robo ya njia. Ili ujue kwa nini nimelishika hilo, nikuoneshe kwanza kilichomo ndani ya kifuniko.

Sehemu ya juu ni silinda, kile kipande cha mviringo unachochomekea ufunguo. Ndani yake mna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake ndogo inayokisukuma kitokeze pembeni. Ufunguo ukiwa nje, vibati hivyo vinaingia kwenye mifereji ya ganda na kuizuia silinda isizunguke. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake yanavirudisha vibati vyote vilingane na ukingo wa silinda, nayo inakuwa huru. Chini ya silinda kuna mkia, na mkia huo ndio unaovuta ulimi, yaani kile kipande cha chuma kinachotokeza ubavuni mwa kifuniko na kujibana chini ya mdomo wa tenki. Silinda ikizunguka, ulimi unarudi ndani na kifuniko kinainuka.

Kwa hiyo kufuli likikwama, aliyekwama ni mmoja kati ya wawili: vibati au ulimi. Mkono wako unaweza kukuambia ni yupi. Kama vibati ndivyo vyenye shida, ufunguo unatikisika kidogo sana kisha unagota, pah, kama umegonga ukuta. Silinda bado imefungwa, na hicho unachokisikia ni nafasi ndogo tu iliyopo kati ya kibati na mfereji wake. Lakini ufunguo ukisafiri kweli, robo ya njia au zaidi, halafu ukaanza kuwa mzito na kunesa kama unavuta kitu kisichotaka kuja, basi vibati vimekwisha kukubali. Ufunguo wako ni sahihi na silinda yako inazunguka. Kinachokataa ni ulimi.

Na ulimi unakataa kwa sababu umelemewa. Chini ya kifuniko kuna mpira wa kuzuia petroli isivuje. Pikipiki ikikaa muda mrefu, mpira huo unavimba kwa mvuke wa petroli, unakakamaa, mara nyingine unagandana na mdomo wa tenki. Ukivimba, unakisukuma kifuniko juu muda wote. Kifuniko kikisukumwa juu, ulimi nao unabanwa kwenye mdomo wa tenki. Ongeza kutu kidogo hapo wanapokutana, na ulimi hauteleziki tena. Umewahi kufungua komeo la mlango ambao mtu anauegemea kwa upande wa pili? Komeo haliendi, hata ulivute kwa mikono miwili. Usukume mlango kidogo dhidi yake, na komeo linateleza kwa kidole kimoja. Kifuniko cha tenki ni vivyo hivyo: kabla ya kuzungusha, kikandamize chini.

Nilijifunza hili kwa machungu. Nilipokuwa bado mwanagenzi, mteja alileta pikipiki yenye tatizo kama lako. Mimi nikachukua koleo, nikaushika ufunguo, nikazungusha. Ufunguo wa shaba hauna nguvu ya kushindana na koleo. Ulikatika usawa wa tundu. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama pale pale, na huo ndio ulikuwa ufunguo wake pekee. Mwalimu wangu hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakilalia kwa uzito wa mwili, akaingiza bisibisi nyembamba kwenye ufa wa tundu juu ya kile kipande kilichobaki, akazungusha taratibu kwa vidole viwili. Kifuniko kikafunguka. Tangu siku ile sijawahi kuweka koleo kwenye ufunguo wa mtu, na ninakuomba wewe pia usiweke.

Kabla hujaanza, tuzungumzie moto. Hili usilisome harakaharaka. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna hali ya hewa utakayofanyia kazi ambayo ni "baridi ya kutosha". Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo haupai na kupotea; unatambaa chini na kukusanyika kwenye mabonde ya sakafu, na unaweza kukutana na jiko lililo mbali nawe. Unawaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Ndiyo maana tenki lenye petroli kidogo, au lililomwagwa punde, ni la kuogopa kuliko lililojaa: ndani yake mna nafasi kubwa ya mvuke na hewa kuchanganyika. Fanya kazi nje, penye upepo. Chomoa waya hasi wa betri. Pasiwe na sigara, jiko wala mashine yenye cheche karibu, na uwe na mtungi wa kuzimia moto wa poda au povu mahali unapoufikia kwa mkono. Maji hayazimi petroli, yanaisambaza. Na usithubutu kukipasha kifuniko joto kwa moto wa aina yoyote ili "kilegee".

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa kupuliza tundu la ufunguo kwa hewa, iwe pampu ya kujazia upepo au mashine ya hewa, macho yako ukiyakinga. Kufuli hili lina bahati mbaya ambayo la mlangoni halina: linalala chali, likitazama juu, kwa hiyo vumbi na maji yote ya mvua vinatuama ndani ya tundu. Ukipuliza mafuta juu ya vumbi, unatengeneza tope. Huenda ndiyo sababu mafuta uliyopuliza mwanzoni hayakusaidia. Sababu ya pili, na nadhani ndiyo kubwa kwako, ni kwamba yalienda kwenye silinda wakati shida iko kwenye ulimi.

Funika rangi ya tenki kwa kitambaa. Tafuta bawaba ya kifuniko iko upande gani. Kwa kawaida ulimi uko upande wa pili, ukitazamana na bawaba. Chukua mafuta ya kulegeza kutu yenye mrija mwembamba, puliza kidogo kwenye tundu la ufunguo, kisha puliza kwenye ufa kati ya kifuniko na duara lake, hasa upande huo wa ulimi. Matone machache yakiingia kwenye petroli hayadhuru injini. Kuna mafundi wanaosifia mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya gia otomatiki. Unalegeza kutu kweli, lakini asetoni inakula rangi na plastiki, na hapa uko juu ya rangi ya tenki, kwa hiyo uache.

Kisha subiri. Hapa wengi hushindwa. Mafuta hayapenyi kwenye kutu kwa dakika tano. Yapulize jioni, gongagonga ukingo wa kifuniko taratibu kwa nyundo ya mpira au mpini wa mbao ili mtikisiko uyasaidie kuingia, uache mpaka asubuhi. Rudia siku mbili au tatu. Pikipiki imelala miaka miwili. Siku tatu si nyingi.

Unapojaribu kufungua, mtafute mwenzako. Yeye aweke kiganja juu ya kifuniko, juu ya kitambaa kilichokunjwa, akandamize chini kwa uzito wa mwili hasa upande wa ulimi. Akandamize kifuniko chenyewe, asikandamize bati la tenki, maana bati hilo linabonyea kirahisi. Yeye akikandamiza, wewe zungusha ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada tu. Ukifika pale unapokwama, usisukume zaidi. Rudisha nyuma, zungusha tena, rudisha, zungusha, huku mwenzako akikandamiza na kuachia, akandamize na kuachia. Utasikia robo ya njia ikiwa theluthi, theluthi ikiwa nusu. Kila mzunguko ulimi unajisugulia kutu na kujitengenezea njia. Mara nyingi kifuniko hufunguka ghafla, bila kishindo, ukabaki unashangaa.

Ulimi ukirudi wote lakini kifuniko bado kimeganda, basi ni mpira ulioshikana na mdomo wa tenki. Shikilia ufunguo ukiwa umegeuka, na mwenzako apenyeze kipande cha plastiki ngumu kwenye ukingo upande wa ulimi, ainue pole pole. Usiinue kifuniko kwa kuvuta ufunguo wenyewe. Watu wanaufanya ufunguo mpini, na hapo ndipo funguo nyingi za pikipiki za zamani hupinda.

Sina shaka kubwa kwamba wewe utaishia hapo. Lakini wapo watakaosoma jibu hili ambao ufunguo wao unagota papo hapo, hautembei kabisa. Hao shida yao ni vibati, au ufunguo uliolika. Ufunguo uliotumika miaka mingi hupungua meno kidogo kidogo, hata usiinue kibati kimoja hadi mahali pake. Puliza hewa, puliza mafuta, kisha chomeka na uchomoe ufunguo mara ishirini au thelathini bila kuuzungusha. Hiyo inavifanya vibati vicheze na kutema uchafu. Pangusa ufunguo kila mara kwa kitambaa, utaona weusi unaotoka. Halafu zungusha kwa nguvu ndogo huku ukiuvuta ufunguo nje kama milimita moja, ukiuinua kidogo, ukiushusha kidogo. Ufunguo uliolika mara nyingi una sehemu moja tu ambapo bado unakubali, na mkono wenye subira huipata. Ikiwa ufunguo huohuo ndio unaowasha pikipiki, au uliwahi kuwa na wa akiba uliofungiwa kabatini, tafuta huo wa akiba kwanza. Hauna umri wa mwenzake.

Ufunguo ukikatika ndani, usitie gundi hata tone. Gundi inashuka kwenye vibati na kulifunga kufuli milele. Kipande kinatoka kwa uzi mwembamba wa msumeno wa kukatia nakshi, meno yakitazama nje, ukiupenyeza ubavuni mwa kipande na kukivuta. Kabla ya hapo hakikisha silinda imerudi pale pale ufunguo unapochomekwa, la sivyo vibati vitakishikilia na hutakitoa. Au fanya kama mwalimu wangu: kiache kipande ndani, maana meno yake bado yanaviinua vibati, uzungushe kwa bisibisi nyembamba huku ukikandamiza.

Hali nyingine ni ufunguo unaozunguka bila kizuizi, kama kijiko kwenye chai, na kifuniko hakishtuki. Hapo mkia wa silinda umevunjika au skrubu yake imeachia. Sehemu hizo mara nyingi ni za zinki ya kumiminwa, ambayo hukatika ghafla badala ya kupinda. Wengi hufikiria kupenyeza kibati chembamba kwenye ufa ili kuusukuma ulimi ndani, kama wanavyofungua mlango kwa kadi. Haifanyi kazi kwa vifuniko vingi, na sababu ni rahisi: mteremko wa ulimi uko upande wa chini, ili kifuniko kijifunge unapokisukuma. Kutoka juu unakutana na uso bapa, na kadiri unavyosukuma ndivyo unavyoubana zaidi.

Kama kifuniko ni cha aina ile iliyolala sawa na tenki, yenye duara la bolti ndogo za tundu la pembe sita, zijaribu hizo kabla ya lolote. Safisha kila tundu kwa sindano, maana vumbi lililoganda chini hufanya spana isizame na kuviringisha tundu. Fungua zote zinazoonekana. Utagundua baadhi ni za mapambo tu, fupi, hazishiki kitu. Zinazoshika ni chache, tatu au nne. Katika baadhi ya pikipiki kifuniko chote pamoja na duara lake kinainuka hapo hapo, ukausukuma ulimi kwa kidole kutoka chini. Katika nyingine mtengenezaji ameficha bolti moja chini ya kifuniko kilichofungwa, makusudi kabisa, ili mwizi asifanye hiki unachokifanya. Hiyo ikikuzuia, usiling'oe duara kwa nguvu. Utapinda mdomo wa tenki, na tenki lenye mdomo uliopinda litavuja petroli maisha yake yote.

Hapo sasa mwite fundi wa kufuli. Kufuli la vibati si gumu kwa mtu anayeijua kazi hiyo, naye anaweza kukusomea kufuli na kukuchongea ufunguo mpya papo hapo. Mara nyingi hilo huishia kuwa nafuu kuliko kifuniko kipya.

Na kutoboa? Jirani wa pili hakukosea kwamba inawezekana. Alikosea kuiweka mwanzo. Drili ya kawaida ya umeme hutoa cheche ndani ya mota yake kila inapozunguka, na wewe umeielekeza kwenye mdomo wa tenki la petroli. Ikibidi kutoboa, toa petroli yote kupitia koki. Pikipiki za zamani zilizo na koki inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini hazitatiririsha petroli injini ikiwa imezima mpaka uiweke koki kwenye PRI, ile alama ya kupitisha petroli moja kwa moja. Petroli ikitiririka kidogo kisha ikakata, fahamu kwamba tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na hewa haiingii tenkini kuchukua nafasi ya petroli, hilo nitalirudia. Ng'oa tenki kwenye fremu, ling'oe koki, ligeuze chini juu, ulijaze maji kupitia tundu la koki mpaka juu kabisa, kisha rudisha koki na uligeuze tena. Maji yamefukuza mvuke. Hapo toboa kwa drili ya kuzungushwa kwa mkono, ukifuata mstari wa tundu la ufunguo, kwa biti ya milimita 3 kwanza, halafu 5, halafu 6, kina kisizidi urefu wa ufunguo. Vibati vikishaharibika, bisibisi bapa itazungusha silinda iliyobaki. Biti uipake grisi ishike unga wa chuma, lakini usijidanganye kwamba utavitoa vilivyoanguka kwa sumaku: shaba na zinki hazishikwi na sumaku. Vinatoka kwa kusuuza tu, mara kadhaa, mpaka maji yatoke meupe. Ukimaliza likaushe tenki upesi na ulisukesuke na mafuta ya taa, maana bati lililoloa maji huanza kutu siku hiyo hiyo.

Turudi kwako. Kifuniko kimefunguka, na furaha imekujaa. Tafadhali usikifunge. Nimeona watu wakifungua kwa taabu ya siku tatu, wakajaza mafuta, wakakifunga kwa kishindo, na kesho yake wako palepale. Chomeka kitambaa safi kwenye mdomo wa tenki kuzuia uchafu, kisha geuza kifuniko utazame chini yake. Utaona skrubu ndogo tatu au nne za kichwa cha msalaba. Kama pikipiki ni ya Kijapani, fahamu kwamba msalaba wa skrubu zao za zamani si sawa kabisa na wa bisibisi ya kawaida. Bisibisi ya kawaida haizami hadi chini, huteleza na kuviringisha kichwa. Tafuta bisibisi ya kiwango cha Kijapani, au angalau chagua inayokaa bila kucheza, na ukandamize zaidi ya unavyozungusha. Piga picha kila hatua. Springi iliyo nyuma ya ulimi huruka. Fungulia juu ya kitambaa cheupe, uweke kiganja juu yake.

Toa ulimi, ukwangue kutu kwa msasa laini, hasa uso wa juu na zile pande mbili zinazoteleza kwenye mfereji. Safisha mfereji wenyewe. Ukiona unga mweupe, hiyo ni zinki iliyoliwa na unyevu. Usugue kwa mswaki mpaka uishe. Ukitoa silinda, usivitoe vibati kama huna haja. Ukivitoa, vipange juu ya utepe wa gundi kwa mpangilio uleule, kwa sababu kila kimoja kina urefu wake, na viwili vikibadilishana nafasi, ufunguo wako hautafaa tena. Osha vyote kwa mafuta ya taa. Dawa kali ya kusafishia kabureta iweke mbali na mpira, inaumaliza.

Kwenye silinda tia unga wa grafiti, au kilainishi kikavu. Usitie grisi wala oili ya injini. Kwa kufuli linalotazama juu, hizo ni mtego wa vumbi. Usichanganye grafiti na mafuta, vinaungana kuwa uji mzito. Watu wengi hutegemea WD-40 peke yake. Ni nzuri kwa kazi yake, na jina lake linaitaja: kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, fomula ya 40, iliyotengenezwa mwaka 1953. Hufukuza maji na kulegeza, kisha hukauka. Itumie kufungua, kulainisha kwa muda mrefu tumia kingine. Kwenye ulimi na mfereji wake, tone dogo la grisi nyepesi linaruhusiwa, kwa sababu huko hakufikiwi na vumbi moja kwa moja.

Mpira uliovimba ubadilishe. Huu ndio uliokuletea balaa lote, na ukiurudisha utakulemea ulimi tena. Nunua unaotengenezwa kwa ajili ya petroli, wa naitrili. Na kama petroli unayotumia ina ethanoli, mpira wa aina ya Viton unavumilia zaidi. Usikate kipande cha tyubu ya gurudumu. Najua kinaonekana kinafaa, unene ni uleule, lakini mpira wa tyubu huvimba ndani ya petroli haraka kuliko huo uliouondoa.

Kuna matundu mawili madogo ambayo hakuna anayeyakumbuka. La kwanza ni la kupumulia, kwenye kifuniko. Petroli inaposhuka lazima hewa iingie nafasi yake. Tundu hilo likiziba, pikipiki huenda vizuri kilomita chache, inakosa nguvu, inazima, ukipumzika inawaka tena, na watu wanahangaika na kabureta bure. Weka mrija, nyonya na upulize: hewa lazima iingie kuelekea ndani ya tenki bila shida. La pili, kwa vifuniko vilivyozama kwenye tenki, liko kwenye kile kibonde kinachokizunguka kifuniko. Ni tundu la kutolea maji ya mvua, linaloshuka kwa mrija hadi chini ya pikipiki. Likiziba, kifuniko kinakaa kwenye bwawa kila mvua ikinyesha, na hapo ndipo kutu yako ilipozaliwa. Lizibue kwa waya laini wa plastiki.

Kwa kuwa tenki liko wazi, limulike kwa tochi isiyo na moto. Petroli ya miaka miwili haifai. Huwa na harufu ya vanishi na huacha ulimbo kwenye kabureta. Imwage yote usiichanganye na mpya.

Kuhusu ufunguo wa pili, usipeleke huo wako uliolika uchongwe nakala kama una njia nyingine. Nakala huiga na ulikaji wake, kwa hiyo utakuwa na funguo mbili wagonjwa. Tazama kama kuna namba iliyogongwa kwenye ufunguo wa asili au ubavuni mwa silinda uliyoitoa. Mchonga funguo mwenye vitabu vya namba hizo anaweza kukuchongea kwa vipimo vya kiwandani, ukapata ufunguo mpya kabisa. Namba hiyo iandike mahali salama, mbali na pikipiki.

Ukishaunganisha, usikifunge bado. Kifuniko kikiwa wazi mkononi mwako, sukuma ulimi ndani kwa kidole mara kumi, uone unarudi nje wenyewe kila mara. Kisha zungusha ufunguo mara kumi. Ulimi ukisita hata mara moja, fungua tena utazame springi na mfereji. Ukiridhika, kifunge huku ufunguo ukiwa umegeuka, ukikandamiza chini kwa kiganja, halafu uachie ufunguo urudi polepole, ulimi uingie mahali pake bila kukwangua. Fungua papo hapo. Funga tena. Fungua. Ukikubali mara tano mfululizo bila kukandamiza kwa nguvu, jaza petroli mpya.